Kasindi: piesi ya dola 100 isibebeshwe karatasi za kontena nzima

Butembo na Beni ni miji ya watu wa kazi, na kazi hiyo inasimama siku kipuri kinapokosekana. Motari anahitaji cheni na breki. Mwenye mashini ya kusaga mihogo anahitaji pampu ya mazutu. Kituo cha afya kinahitaji piesi ya jenereta ili friji ya chanjo isizimike. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachotengenezwa kwetu. Vinatoka China, India, Japani au Dubai, vinateremkia Mombasa au Entebbe, vinavuka Uganda, kisha vinafika Kasindi. Hapo Kasindi ndipo hesabu inapoharibika.

Malalamiko juu ya mpaka huo ni ya miaka mingi, na kwa kawaida yanafupishwa kwa maneno matatu: ushuru uko juu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Ushuru ulioandikwa katika sheria siyo adui mkubwa wa fundi au mchuuzi anayeagiza piesi chache. Adui wake ni mambo mawili ambayo hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba tunatozwa kodi hata juu ya urefu wa safari. La pili ni kwamba ada za karatasi hazitofautishi mzigo wa dola 100 na mzigo wa dola 40,000. Mambo hayo mawili yakirekebishwa, raia atapumua na serikali itakusanya zaidi kuliko sasa.

Tunalipia hata kilomita

Wengi wanadhani duane inahesabu ushuru juu ya bei ya dukani. Sivyo. Thamani ya forodha ni bei ya kitu, ukaongeza gharama ya kukisafirisha na bima mpaka kifike mlangoni mwa nchi. Juu ya jumla hiyo ndipo unawekwa ushuru wa kuingiza. Kisha TVA ya asilimia 16, ambayo nchi yetu ilianza kuitoza Januari 2012, inahesabiwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Ni kodi juu ya kodi, na zote mbili juu ya nauli.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pampu ya mashini imenunuliwa dola 100, na ushuru wake ni asilimia 10. Mtu wa Matadi, aliye karibu na bandari, analipa labda dola 15 za usafiri. Thamani yake ya forodha ni dola 115. Ushuru ni dola 11.50, TVA ni dola 20.24, jumla ni dola 31.74.

Sasa mtu wa Butembo. Pampu ni ileile, nchi ni ileile, sheria ni ileile. Lakini kutoka Mombasa hadi Kasindi ni zaidi ya kilomita 1,500, na mpaka mbili za kuvuka: ya Kenya na Uganda, kisha ya Uganda na Congo. Tuseme usafiri wake ni dola 60. Thamani ya forodha inakuwa dola 160. Ushuru ni dola 16, TVA ni dola 28.16, jumla ni dola 44.16. Amekwisha kulipa dola 45 zaidi kwa mwenye lori, na serikali yake inamuongezea dola 12 na senti 42 kwa sababu tu anakaa mbali na bahari.

Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa anaweza kuidai ile TVA au kuikata katika hesabu zake. Fundi wa gereji na mwenye mashini ya kusaga hawawezi. Kwao TVA ni gharama kamili, na inaishia kwenye bei ya kilo moja ya unga.

Sisemi kwamba njia hii ya kuhesabu ni uvumbuzi wa Kinshasa. Nchi nyingi za dunia zinahesabu hivyo. Lakini kanuni ambayo haimuumizi mtu wa pwani inaweza kumvunja mgongo mtu wa bara, na nchi yenye upana kama wetu ilipaswa kuliona hilo mapema.

Ada za dosie

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza. Mbali na ushuru na TVA, mzigo unapofika mpakani unakutana na huduma nyingine. Kuna OCC inayokagua ubora na kiasi. Kuna OGEFREM na hati yake ya kielektroniki ya taarifa za mzigo, ile tunayoiita FERI. Kuna wakala wa forodha, deklara, ambaye bila yeye dosie haisogei. Kuna maegesho, kuna kupakua na kupakia, kuna fotokopi na mihuri. Kila mmoja ukimuuliza atakuambia kwamba anachoomba ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kinajazwa kutoka mfuko mmoja.

Ubaya wa ada za aina hii ni kwamba sehemu kubwa yake haifuati thamani ya kitu. Deklara anajaza fomu ileile, awe anaingiza kontena au katoni moja. Tuseme, kwa mfano tu, ada zote za karatasi zimefika dola 40. Kwa mwenye kontena ya dola 40,000, hiyo ni dola 1 kwa kila dola 1,000, hata haioni. Kwa mwenye pampu ya dola 100, hiyo ni dola 40 kwa kila 100. Hakuna bunge lolote duniani linaloweza kupiga kura ya ushuru wa asilimia 40 juu ya pampu ya mashini ya kusaga mihogo. Lakini ndicho kinachotokea bila kura ya mtu yeyote.

Sheria zipo. Congo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu Januari 1, 1997. Kifungu cha 8 cha mkataba wa GATT, ambao ni msingi wa shirika hilo, kinasema kwamba ada za mpakani zisizo ushuru wala kodi zisipite gharama ya huduma iliyotolewa, na zisiwe njia ya kuijazia hazina ya serikali. Hapa nyumbani, amri ya serikali namba 036/2002 ya Machi 28, 2002 ilitaja huduma nne zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, ambayo wakati ule iliitwa OFIDA na leo ni DGDA, pamoja na OCC, DGM na huduma ya usafi wa mipakani. Tangu amri hiyo itiwe sahihi imepita miaka zaidi ya 20. Mtu yeyote aliyepitisha mzigo Kasindi anajua kwamba meza zinazodai pesa ni zaidi ya nne.

Wadogo nyuma ya mgongo wa wakubwa

Watu wa Butembo hawakukaa chini kulia. Tangu miaka ya 1980 na 1990 wafanyabiashara wa mji huu wamekwenda wenyewe Dubai, Hong Kong na Guangzhou, na wamejifunza kuunganisha mizigo. Leo mchuuzi wa piesi haagizi kwa jina lake. Anampa mkubwa mwenye kontena orodha na pesa, na piesi zake zinakuja katikati ya mabati, vitenge na sabuni za mwingine, chini ya hati moja ya forodha.

Ni akili nzuri, na bila hiyo mji ungesimama. Lakini tuangalie gharama yake. Mchuuzi mdogo hana karatasi yoyote yenye jina lake. Mzigo ukipotea au ukiharibika, hana cha kudai. Benki ikimuuliza ushahidi wa biashara yake, hana. Anasubiri kontena ya mwingine ijae, hata kama mteja wake ana mashini iliyozimika tangu mwezi uliopita. Serikali nayo inaona mwagizaji mmoja mahali ambapo wapo hamsini. Halafu tunashangaa kwamba idadi ya walipa kodi haiongezeki.

Wale wasioweza kusubiri wanachukua njia nyingine. Piesi inafichwa chini ya kiti cha basi, inapita kwenye begi la msafiri, au inavushwa mto Lubiriha usiku. Ni kile kifungu cha 15 tunachokijua sote, cha kujitafutia. Hasara yake siyo ya hazina tu. Piesi iliyopita gizani haina dhamana, haina aliyeikagua, na mara nyingi ni feki au iliyokwisha kutumika. Breki ya namna hiyo ikifungwa kwenye lori linaloteremka milima ya kwetu, kodi iliyokwepwa italipwa na abiria. Na gari likizimika porini katika barabara ambazo magari yamewahi kusindikizwa na wanajeshi kwa sababu ya mashambulizi ya ADF, kipuri kibovu kinakuwa swali la uhai.

Tumeyaona haya kwenye upande wa kuuza nje. Kahawa na kakao ya Beni imekuwa ikivushwa Uganda kwa magendo, na wakulima pamoja na wanunuzi wameeleza sababu mara nyingi: kodi na ada za kwetu ni nyingi kuliko za jirani. Mali yetu ilihesabiwa kuwa ya Uganda, na sisi tukabaki na mashimo barabarani. Kama ada nyingi zinaifukuza mali inayotoka, kwa nini tudhani kwamba hazitaifukuza ile inayoingia?

Kuna pia somo la vita. Kati ya mwaka 1999 na 2003, wakati eneo hili likiwa chini ya waasi wa RCD-K/ML, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo waliwalipa waasi kodi za forodha kabla mizigo haijafika, na wakapata punguzo. Watafiti wameandika vitabu juu ya utaratibu huo. Tangu wakati ule mazoea yamebaki kwamba ushuru ni kitu cha kuelewana, na anayeelewana vizuri ni mwenye pesa nyingi na marafiki wengi. Mwenye pampu moja hana nafasi kwenye meza hiyo.

Jumuiya haitatufanyia kazi hii

Congo ilipopokelewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 29, 2022, na Rais Félix Tshisekedi akatia sahihi mkataba Nairobi Aprili 8, wengi wa kwetu waliamini kwamba mambo ya duane yamekwisha. Hapa tuambizane ukweli. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama na zenye cheti cha asili. Cheni ya pikipiki iliyotengenezwa India haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imelala Mombasa wiki mbili. Itatozwa ushuru wa pamoja wa nje.

Tena ushuru huo wa pamoja unaweza kutupandishia bei. Tarifa yetu ya 2012 ina ngazi za asilimia 5, 10 na 20. Ile ya Jumuiya, tangu Julai 2022, ina ngazi za 0, 10, 25 na 35. Siku Congo itakapolinganisha tarifa yake na ya wenzake, kila piesi itatafutiwa ngazi. Nyingine zitashuka, nyingine zinaweza kupanda. Mazungumzo hayo yanafanyika Kinshasa na Arusha. Je, nani anazungumza kwa niaba ya fundi wa Butembo? FEC na mashirika ya raia ya Beni, Butembo na Lubero wanapaswa kuwa na orodha yao mkononi tangu sasa, kipuri kwa kipuri.

Mahali Jumuiya inaweza kutusaidia haraka ni kwenye ada na vizuizi visivyo ushuru, kwa kuwa Itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyoanza kazi Januari 2005, inawataka wanachama waviondoe. Lakini hata hapo, anayeamua idadi ya meza za Kasindi ni sisi wenyewe.

Serikali iko vitani, inahitaji pesa

Najua jibu litakalotolewa. Jimbo liko chini ya hali ya dharura tangu Mei 6, 2021. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Beni ikawa makao ya muda ya serikali ya jimbo. Kasindi ndiyo mlango mkubwa wa mapato katika sehemu ya Kivu ya Kaskazini inayobaki mikononi mwa serikali. Je, huu ndio wakati wa kupunguza ada?

Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hana heshima kwa askari wanaosubiri mshahara. Lakini tutenganishe pesa na pesa. Ushuru na TVA vinaingia katika hazina ya taifa. Nyingi kati ya ada za meza zinaishia kwenye huduma iliyozitoza, na zile zisizo na risiti hazifiki popote. Kwa hiyo kupunguza meza siyo kuinyima hazina. Ni kinyume chake: anayefukuzwa na dola 40 za karatasi anakimbia pia na ile 44 ya ushuru na TVA. Serikali inapoteza kikubwa ili wachache wapate kidogo.

Jibu la pili ni kwamba wafanyabiashara nao siyo malaika. Ni kweli. Wapo wanaotangaza nusu ya bei, wapo wanaoandika piesi mpya kuwa chuma chakavu, na wapo wanaomfuata ofisa kabla ofisa hajawafuata. Mtu huyo hastahili kutetewa katika ukurasa huu. Lakini utaratibu wa leo unampa yeye faida na kumwadhibu anayesema ukweli. Tukitaka kumjua mdanganyifu, kwanza tufanye ukweli uwe kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukigharimia.

Mambo manne yanayowezekana

Kwanza, bango moja Kasindi na nakala yake Beni na Butembo, kwa Kifaransa na Kiswahili, lenye kila ada halali, kiasi chake, sheria iliyoiruhusu na huduma inayoipokea. Ambayo haiko kwenye bango isilipwe. Kazi hii haihitaji sheria mpya. Inahitaji rangi, ubao na utashi.

Pili, malipo yote kwa bordero moja ya benki. Nchi yetu tayari ina dirisha moja la biashara ya nje, na forodha inatumia programu ya Sydonia. Mashini zipo. Kinachokosekana ni kwamba dirisha moja liwe moja kweli.

Tatu, fomu fupi kwa mizigo midogo ya vipuri, chini ya thamani fulani itakayopangwa, ambayo mtu mwenyewe anaweza kuijaza bila deklara, na ambayo ada zake zinafuata thamani ya kitu. COMESA, ambayo Congo ni mwanachama wake, ina utaratibu rahisi wa namna hiyo kwa wachuuzi wa mpakani. Utaratibu huo ni kwa bidhaa za nchi za COMESA, hivyo piesi za China haziingii, lakini mfano wa fomu upo. Hatuanzi kutoka sifuri.

Nne, vipuri vya mashini za uzalishaji, vya afya na vya usalama barabarani viwekwe katika ngazi ya chini kabisa ya tarifa, kwa orodha inayoeleweka. Breki, taa za gari, pampu za mashini za kusaga na piesi za jenereta za vituo vya afya siyo anasa.

Atakayesema haiwezekani akumbuke RAM. Kodi ile iliyokatwa kwenye simu zetu ilitetewa kwa maneno makubwa, watu wakapiga kelele nchi nzima, na mwaka 2022 ikaondolewa. Serikali haikuanguka.

Juni 2021 marais wa Congo na Uganda walizindua pamoja kazi za barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na ile ya Beni hadi Butembo, kilomita 54. Barabara nzuri itampunguzia dereva masaa. Haitampunguzia mchuuzi hata siku moja kama lori linakimbia mpaka mpakani, kisha katoni ya piesi inalala hapo ikisubiri mihuri. Lami inagharimu mamilioni ya dola. Kupunguza meza hakugharimu chochote, na ofisi zinazoweza kuamua hivyo, kuanzia Beni mpaka Kinshasa, zinajulikana. Tuziandikie, tuzihesabie, tuziulize kila wiki: ada hii ni ya sheria gani, na risiti yake iko wapi?